DC yupi, DC ipi?

Herufi mbili zinazomhudumia mkuu wa wilaya, halmashauri, betri ya sola, faili la mgonjwa na kwaya ya Jumapili

Na Mwandishi Wetu, Sepuka

GEUZA televisheni ndogo ya sola, ile ambayo mafundi huifunga ukutani na kuiunganisha moja kwa moja na betri, uitazame mgongoni. Karibu na tundu la waya pameandikwa DC 12V.

Sasa fungua simu utafute orodha ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Shule za Kata ya Sepuka utazikuta chini ya maandishi IKUNGI DC. Ukitoka nje unaweza kumsikia mtendaji wa kijiji akiwaita watu mkutanoni kwa kuwa DC anakuja. Na jioni, kwenye mazoezi ya kwaya, karatasi ya nota ikiwa na D.C. mwishoni mwa mstari, waimbaji wanajua wanarudi mwanzo wa wimbo.

Televisheni haina habari na kwaya, na kwaya haina habari na kidato cha kwanza. Lakini wale wawili waliobaki, DC anayekuja mkutanoni na DC ya kwenye orodha ya shule, ni ndugu. Na kama ilivyo kwa ndugu, hao ndio wanaosumbua.

Sepuka ni kata na pia ni tarafa katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida. Ni nchi ya alizeti, mtama na uwele, ng'ombe na kuku wa kienyeji. Kila idara yenye shughuli na wakulima hawa huja na vifupisho vyake, vingi vikiwa vya Kiingereza, na kila moja huvitumia kana kwamba ndiyo peke yake yenye alfabeti.

Mtu mmoja, ofisi nzima

DC wa kwanza ni Mkuu wa Wilaya, District Commissioner. Huteuliwa na Rais, ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe akiona amani inahatarishwa, ilimradi mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Mtu wa kawaida anaposema fulani "amewekwa ndani na DC", anamzungumzia huyu.

DC ya pili ni Halmashauri ya Wilaya, District Council. Hii si mtu. Ni baraza la madiwani waliochaguliwa kutoka kwenye kata, wakiongozwa na mwenyekiti wao, pamoja na watumishi walio chini ya Mkurugenzi Mtendaji, yule anayeitwa DED. Ushuru wa mazao, leseni za biashara, shule za msingi na zahanati viko huku. Mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa na halmashauri.

Kwa hiyo kikundi cha vijana kinachotaka mtaji wa mashine ya kukamua alizeti kikiambiwa "hilo ni la DC", kinapaswa kuuliza DC gani kabla ya kutoa nauli. Ofisi zote mbili ziko Ikungi, makao makuu ya wilaya kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Dodoma, lakini hakuna anayefurahi kukaa kwenye benchi asubuhi nzima akisubiri ofisi isiyohusika.

Katika mazungumzo, Kiswahili kimejitengenezea kinga yake. Mtu husema "DC amesema" akimaanisha mkuu wa wilaya, na "DC imetangaza" akimaanisha halmashauri. Ngeli inafanya kazi ambayo Kiingereza, chenye kifupisho chake, hakiwezi kuifanya. Hakuna aliyefundishwa hivyo darasani. Masikio ya watu yamelipanga jambo lenyewe.

> Kwenye sentensi ngeli inaokoa. Kwenye muhuri na kwenye orodha hakuna kitenzi, na hapo ndipo msomaji anapopotea.

Singida ina ma-DC wangapi?

Swali hili lina majibu mawili, na yote ni sahihi.

Mkoa wa Singida una wilaya tano: Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni. Kwa hiyo una wakuu wa wilaya watano. Halmashauri, kwa upande mwingine, ziko saba. Moja ni ya manispaa, ambayo orodha za serikali huiandika Singida MC. Sita ni za wilaya: Singida DC, Ikungi DC, Iramba DC, Mkalama DC, Manyoni DC na Itigi DC.

Ma-DC watano, DC sita. Tofauti inatoka Manyoni. Wilaya ya Manyoni ina halmashauri mbili, Manyoni na Itigi, chini ya mkuu wa wilaya mmoja. Ipo Itigi DC lakini hakuna DC wa Itigi. Wilaya ya Singida nayo ina halmashauri mbili, ila moja ni manispaa. (Na huyo MC wa manispaa asichanganywe na MC wa harusi, ingawa wote wawili hukusanya michango.)

Ikungi imenyooka: wilaya moja, halmashauri moja, mkuu mmoja. Lakini nayo ina historia inayomkwaza mzazi anayesaka jina la mtoto kwenye simu. Ikungi ilimegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Mzazi aliyesoma Sepuka enzi hizo alikua akijua kwamba shule yake iko Singida Vijijini, hivyo mkono wake unakwenda wenyewe kwenye SINGIDA DC. Anapekua orodha ya shule za huko mpaka mwisho, haioni ya mwanawe, na anaanza kuhofu kwamba mtoto hakuchaguliwa. Jina lipo, chini ya IKUNGI DC.

Kutoka DC kwenda AC, na kurudi

Herufi hizi zilikuja na Mwingereza. Mtawala wa wilaya aliitwa Bwana DC, na ofisa aliyesikiliza kesi na malalamiko wananchi wakampa jina lao wenyewe, Bwana Shauri. Jina hilo halikufupisha chochote, na hata asiyejua kusoma alielewa anakwenda kwa nani na kwa lipi.

Baada ya Uhuru, mwaka 1962, serikali ya Tanganyika ilifuta vyeo vya wakoloni katika mikoa na wilaya. Mkuu wa wilaya akapewa cheo kipya kwa Kiingereza, Area Commissioner, na watu walioshika nafasi hizo walikuwa pia makatibu wa TANU katika maeneo yao. Kwa Kiswahili aliitwa Mkuu wa Wilaya, na hivyo ndivyo anavyoitwa mpaka leo.

Kwa herufi, basi, DC alikuwa amegeuka AC. Sheria ya 1997 ikamrudisha kwenye DC. Fundi wa sola huhitaji inveta kugeuza DC kuwa AC. Serikali ilihitaji sheria tu.

Halmashauri nazo zilipita njia yao. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na kazi zake zikachukuliwa na serikali kuu. Sheria namba 7 ya mwaka 1982 ikazifufua, na zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo, Tanzania Bara haikuwa na DC ya pili kabisa. Wazee wanaosema "zamani hapakuwa na mkanganyiko" wana ushahidi, ingawa wengi wao wasingependa kurudishiwa miaka hiyo.

Chimbuko la mkanganyiko wa leo ni hilo. Ofisi mbili zenye mizizi tofauti, moja ikitoka juu kwa uteuzi na nyingine ikitoka chini kwa kura, zimevaa herufi zilezile. Mwananchi asipoona tofauti, hajui yupi anaweza kumwajibisha kwenye sanduku la kura na yupi hawezi. Diwani wa Sepuka anaweza kuangushwa na wapiga kura. Mkuu wa wilaya hawezi.

Umeme unaokwenda upande mmoja

Dukani kwa vifaa vya sola, swali la kwanza la mteja mzoefu ni moja: "Hii ni DC au AC?" Hapo hakuna anayewaza serikali.

DC ya fundi ni umeme unaotiririka upande mmoja tu, kutoka chanya kwenda hasi. Paneli huzalisha umeme huo na betri huutunza. AC ni ule wa TANESCO, unaokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa nguvu ya volti 230 kwenye soketi ya nyumbani. Simu yenyewe ni ya DC. Kile kichwa cha chaja kinachopata joto kinafanya kazi ya kuigeuza AC ya ukutani.

Hapa kosa la kusoma herufi lina bei. Televisheni ya DC 12V ikichomekwa kwenye soketi ya TANESCO bila adapta huungua papo hapo. Waya nyekundu na nyeusi zikibadilishwa kwenye betri, kifaa kinaweza kufa hata kabla ya kuwaka. Na kwa kuwa volti 12 ni ndogo, umeme hupotea njiani ukipitishwa kwenye waya mwembamba na mrefu. Ndiyo sababu taa ya chumba cha mbali na betri huwaka kwa kufifia, na mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia taa.

> Televisheni ya DC 12V kwenye soketi ya volti 230 haisubiri ufafanuzi.

Kuna jambo la kushangaza kidogo katika hili. Watu wengi hudhani DC ni umeme wa kimaskini, wa kusubiria nguzo. Sivyo. Ethiopia inasafirisha umeme kwenda Kenya kwa DC ya kilovolti 500, kwa laini ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, kwa sababu kwa umbali huo DC hupoteza umeme kidogo kuliko AC. Huko Suswa umeme hugeuzwa kuwa AC. Kutoka Kenya, laini ya kilovolti 400 iliyoanza kupitisha umeme mwishoni mwa 2024 inapita Isinya, Namanga na Arusha, na inaishia kwenye kituo cha kupoza umeme cha Singida.

Mkoa huu, kwa maneno mengine, ni mwisho wa njia ambayo sehemu yake kubwa ni DC. Mwenye betri yake chini ya kitanda asione haya.

Kwenye faili la mgonjwa

Hospitalini herufi hizi huandikwa kwa mkwaju katikati, D/C, na hapo mzaha unakwisha.

Daktari anaweza kuandika D/C akimaanisha mgonjwa aruhusiwe kwenda nyumbani. Anaweza pia kuandika D/C akimaanisha dawa isitishwe. Sasa weka alama hiyo juu ya orodha ya dawa. Anayesoma anaweza kuelewa kwamba hizi ni dawa za mgonjwa kuendelea nazo nyumbani baada ya kuruhusiwa, au kwamba dawa zote hizi ziachwe. Mgonjwa wa presha aliyeachishwa dawa kwa kusomwa vibaya kwa herufi mbili hatajua kilichotokea.

Hofu hii si ya kubuni. Nchini Marekani taasisi ya usalama wa dawa, Institute for Safe Medication Practices, imeiweka D/C kwenye orodha ya vifupisho vinavyosababisha makosa na kushauri neno liandikwe lote. Mwaka 2004 chombo kinachothibitisha ubora wa hospitali nchini humo, Joint Commission, kilitoa orodha ya vifupisho visivyoruhusiwa kabisa. Kimojawapo ni MgSO4, dawa ya magnesiamu salfeti inayotumika pia kwenye wodi zetu za wazazi kutibu kifafa cha mimba. Ikiandikwa haraka hufanana na MSO4, ambayo ni mofini.

Ukiongeza alama ya "&" katikati, D&C, unapata kitu kingine tena: usafishaji wa kizazi. Mama anayesikia wauguzi wakizungumza juu ya kitanda chake, mmoja akisema D/C na mwingine D&C, hana namna ya kujua kama anapelekwa nyumbani au chumba cha upasuaji mdogo.

Mbegu na matone

DC haiko peke yake. Kifupisho kinachofuata kwa utata mashambani Singida ni OPV, na hiki kiligonga milango miwili ya nyumba ileile katika msimu mmoja.

Kwa bwana shamba, OPV ni mbegu inayochavushwa kwa njia ya asili shambani. Mkulima anaweza kuvuna, kuchagua vichwa vizuri na kupanda tena msimu unaofuata. Alizeti ya Record ni ya kundi hili. Tofauti yake na mbegu chotara kama Hysun 33 ni kubwa mfukoni: chotara huzaa zaidi, lakini ukipanda tena mbegu ulizovuna, shamba linakuwa mseto wa mimea isiyolingana. Msimu wa 2021/22 serikali ilisambaza mbegu za alizeti kwa ruzuku katika mikoa ya Singida, Dodoma na Simiyu kupitia Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA. (ASA nayo, ukienda duka la dawa, ni asprini.)

Kwa muuguzi, OPV ni chanjo ya polio ya matone. Februari 2022 Malawi ilitangaza kupatikana kwa kirusi cha polio, na Tanzania ikaanza kampeni katika mikoa inayopakana nayo. Mei mwaka huohuo kampeni ikafanyika nchi nzima, watoto wa chini ya miaka mitano wakipewa matone mdomoni nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo mkulima aliyepanda OPV mwanzoni mwa mvua alikuwa anakaribia kuvuna wakati watu wengine walipobisha hodi na kumwambia wameleta OPV kwa watoto. Moja unaiweka ghalani upande tena. Nyingine mtoto anapaswa kuimeza mbele ya macho yako, na ataipata tena kampeni ikirudi. Chanjo imekuwa na maadui wa kutosha wa uvumi bila kuazimwa jina la mbegu.

Wanaotetea, wanaolalamika

Watetezi wa vifupisho wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Orodha ya halmashauri zote nchini haiwezi kuandikwa kwa kirefu kwenye kila jedwali na kila skrini ndogo ya simu. Mifumo ya kompyuta ya serikali inahitaji majina mafupi na yasiyobadilika. Tovuti ya Ikungi yenyewe ni ikungidc.go.tz, hivyo mwenye kutaka kufuta herufi hizo atagusa tovuti, barua pepe za watumishi na nyaraka zisizo na idadi.

Tena, wanasema, muktadha hutosha. Hakuna mtu aliyewahi kununua mkuu wa wilaya wa volti 12.

Upande wa pili unajibu kwamba muktadha humfaa aliye ndani. Ofisa anayeandika Ikungi DC anajua amekaa kwenye ofisi gani. Muuguzi wa wodi moja anajua mazoea ya daktari wake. Anayetoka nje, iwe ni mkulima wa Sepuka au muuguzi aliyehamia juzi, hana muktadha huo, na ndiye anayelipa nauli ya kukosea.

Binafsi naona upande huu wa pili una haki, lakini dawa inayopendekezwa mara nyingi, ya kuhamia Kiswahili, haitoshi yenyewe. BAKITA ipo tangu 1967 na imetupa istilahi nyingi, na serikali imeonyesha kwamba inaweza: TAMISEMI ni kifupisho cha Kiswahili kitupu na nchi nzima inakitamka bila kujikwaa. Hata hivyo KM kwa mtumishi wa wizara ni Katibu Mkuu, na kwa dereva ni kilomita. Kwenye orodha ya wabunge, Mb ni mbunge. Kwenye simu, MB ni kifurushi kinachokwisha kabla ya wakati. Lugha haizuii herufi kugongana.

Barua rasmi za halmashauri zimeshapata nusu ya jibu. Kichwani zimeandikwa kwa kirefu, kwa herufi kubwa: HALMASHAURI YA WILAYA YA IKUNGI. Tatizo linaanza mahali ambapo barua haifiki, kwenye ujumbe wa makundi ya simu, matangazo ya mdomo na majedwali yanayopakuliwa. Huko hata H/W ya Kiswahili, iliyokuwa ikitumika sana kufupisha halmashauri ya wilaya, ingetosha kumtenganisha mtu na ofisi. Inachukua nafasi moja zaidi ya DC.

Herufi moja ya Bunge

Mgongano mkubwa kuliko wote wa herufi katika siasa za Tanzania ulidumu miongo mitatu. Chombo kilichosimamia uchaguzi, Tume ya Taifa ya Uchaguzi, kiliitwa NEC. Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, inayopitisha wagombea wa chama tawala, nayo iliitwa NEC, kama inavyoitwa hadi sasa. Magazeti yalilazimika kuandika "NEC ya CCM" kila mara, na mwandishi aliyesahau maneno mawili hayo alibadilisha habari nzima: refa na timu walikuwa na jina moja mgongoni.

Halikuwa jambo la vifupisho lililoleta mabadiliko. Yalikuwa madai ya muda mrefu kuhusu uhuru wa tume. Sheria namba 2 ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Aprili 12 mwaka huo, iliipa jina la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na kifupisho chake kikawa INEC. Kama I hiyo imeleta uhuru wenyewe ni mjadala ambao vyama vya upinzani havijauacha. Ila wahariri wa magazeti, kwa sababu zao, waliipokea vizuri.